Wanafunzi wa biashara: tuwafundishe Kifaransa au Kireno?

Mwl_Mbeya: Wakuu, nafundisha biashara ya kimataifa chuo kimoja huku Nyanda za Juu. Tumepata nafasi ya lugha moja ya jirani, mihula miwili, saa tatu kwa wiki. Kifaransa cha Kongo na Burundi, au Kireno cha Msumbiji? Wengi wao hata bonjour hawajaigusa sekondari.

Wakala_Tunduma: Kifaransa. Mzigo wa Kongo unapita mlangoni kwenu. Lubumbashi utaongea Kiswahili kutwa, bei mtapatana, mtacheka. Kasheshe ni karatasi zikitolewa: tamko la forodha, FERI (fomu ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia Kongo), mkataba. Kongo imo OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na sheria ile ya biashara wanaiendesha kwa Kifaransa. Mteja wangu mmoja alisaini akidhani ni risiti, kumbe kakubali kulipia siku zote kontena lilizokaa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri tu.

Binti_Mtwara: Umejijibu mwenyewe, kaka. Kama Wakongo wa mashariki tunaelewana nao, pengo liko kusini. Palma na Mocímboa da Praia Kiswahili kitakubeba. Ukifika Nampula, ni Kireno au Kimakua, chagua.

Wakala_Tunduma: Dada, hesabu malori ya Tunduma, halafu hesabu yanayovuka Daraja la Umoja kwenda Msumbiji pale Mtambaswala.

Binti_Mtwara: Nani atavuka wakati hawezi hata kusoma fomu ya NUIT, namba ya mlipakodi ya Msumbiji? Na vita ya Cabo Delgado, huko kaskazini mwa Msumbiji, tangu 2017 usiiache nje ya hesabu yako.

Mzee_wa_Buja: Nimefundisha Kifaransa miaka mingi, naomba niwaulize kitabu mtatumia kipi. Vya Paris vinafundisha sabini ni soixante-dix. Huku Burundi na Kongo sabini ni septante, tisini ni nonante. Mwanafunzi anatajiwa bei kwenye simu, anabaki kimya. Halafu mkato: 1.250,50 ni elfu moja mia mbili hamsini na nusu, siyo moja nukta mbili tano! Hilo liko kwenye Kireno pia. Mimi ningeanza na ankara siku ya kwanza. "Jina langu ni fulani" watajifunza wenyewe baa. Kireno nacho kina mtego wake, maana programu nyingi za simu zinafundisha cha Brazili. Basi la abiria kule ni ônibus, Msumbiji utasikia machimbombo.

Binti_Mtwara: Machimbombo nimeyapanda, mgongo bado unauma 😂

Mwl_Mbeya: Shikamoo mzee, hiyo septante sikuwahi kuisikia. Naelekea Kifaransa kiwe cha lazima, Kireno hiari kwa wanaotoka kusini. Dada Mtwara usininunie. Wakala, naweza kupata ankara za zamani, majina yamefutwa?

Mzee_wa_Buja: Marahaba. Omba na zilizokataliwa, ndizo zinafundisha.

Wakala_Tunduma: Zilizokataliwa ninazo boksi zima. Njoo na wino mweusi, majina utafuta mwenyewe.