Naomba ushauri: Venice usiku tatu mwezi Novemba, na mama mwenye magoti mabovu

Binti_Chumbageni
Wakuu salaam. Naomba msaada wa wanaoijua Venice. Mimi na mama (miaka 68) tutakuwa Roma, kisha tunapanda treni kwenda Venice kwa usiku tatu, kuanzia tarehe 19 Novemba. Viza ipo. Mama kwenye tambarare anatembea vizuri, ila ngazi zinamtesa, hasa kushuka. Tulale Mestre ambako bei ni nafuu, au kisiwani? Hayo madaraja yanakwepeka? Na je, ni kweli Novemba maji yanaingia mjini? Nimesikia pia kuna kiingilio cha mji mzima. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo na habari za chakula mnijuze. Bajeti ni ya kawaida. Shukrani.

fundi_reli
Dada, anza na jina la stesheni, hapo ndipo wengi wanapokosea. Venezia Mestre iko bara. Venezia Santa Lucia iko kisiwani, na ndiyo mwisho wa reli. Tiketi ikiishia Mestre mtashuka bara na kutafuta treni nyingine, dakika kumi hivi juu ya daraja refu la kuvuka maji.

Kutoka Roma Termini, treni ya kasi (Frecciarossa au Italo) ni kama saa nne. Kununua mapema kunapunguza bei sana, lakini soma masharti: zile za bei ya chini kabisa hazibadilishwi wala hazirudishiwi pesa. Tiketi ya treni ya kasi ina namba ya behewa na kiti, haigongwi popote. Ya treni ya kawaida, Regionale, ikiwa ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Mkaguzi akikuta hujagonga ni faini, hata kama nauli ulilipa.

Mzee_wa_Gati
Mestre naipinga kabla hajaja wa kuisifia. Kwa mgonjwa wa magoti, chumba cha karibu ni nusu ya tiba. Saa nane mchana mama atataka kujinyoosha kidogo, na kutoka San Marco, uwanja mkuu wa mji, hadi Mestre ni boti, kisha treni au basi, kisha miguu. Atajikaza kubaki nje, na kesho yake hatoki kitandani.

Lakini kisiwani nako usichague chumba kwa picha. Chagua kwa gati. Fungua ramani, tafuta kituo cha boti kilicho karibu, halafu hesabu madaraja kati ya gati na mlango wa hoteli. Yawe sifuri. Ramani za simu zinakwambia "dakika 6 kwa miguu" bila kukwambia ndani ya hizo dakika 6 kuna madaraja matatu yenye ngazi za kupanda na kushuka. Mwandikie mwenye hoteli umuulize mambo mawili tu: madaraja mangapi kutoka gatini, na je, kuna lifti? Nyumba nyingi ni za kale, hazina lifti, na ghorofa zake ni ndefu. "Piano terra" ndiyo chini kabisa. "Primo piano" ni ghorofa moja juu.

Usitegemee namba ya nyumba. Mji una mitaa sita mikubwa (Cannaregio, Castello, San Marco, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce) na namba zinahesabiwa kwa mtaa mzima, si kwa njia. "Castello 4120" peke yake haikufikishi popote. Dai jina la kichochoro na jina la gati.

Mahali ambapo watu hawapafikirii ni Lido. Ni kisiwa kirefu, tambarare, kina barabara na mabasi, na hoteli zake nyingi zina lifti. Boti hadi San Zaccaria, pembeni kabisa ya San Marco, ni kama robo saa. Novemba si msimu wa ufukwe, bei zinashuka. Hoteli nyingine hufungwa majira hayo, lakini zilizobaki zinatosha.

Mswahili_wa_Bara
Mzee wa Gati kaongea vizuri ila kaionea Mestre. Hoteli iliyo mkabala na stesheni, yenye lifti, ni afadhali mara kumi kuliko chumba cha ghorofa ya tatu Cannaregio bila lifti. Treni ni nyingi, na kuna tramu ya T1 hadi Piazzale Roma, kituo cha mabasi kisiwani. Chakula halali pia kinapatikana Mestre kuliko kisiwani. Karibu na stesheni wanaishi Wabangladeshi wengi, na kuna mabucha na mikahawa yao, bei za kawaida.

Ila kwa usiku tatu na mama, hata mimi ningesema Lido.

Binti_Chumbageni
Lido sikuwa nimeifikiria kabisa. Sasa hizo boti zinakwendaje? Na nauli?

Mzee_wa_Gati
Boti ya abiria inaitwa vaporetto, shirika ni ACTV. Fikiria daladala za majini. Tiketi moja ni yuro 9.50 na inadumu dakika 75. Ya saa 24 ni 25, saa 48 ni 35, saa 72 ni 45. Safari ya tano tu ya tiketi mojamoja umeshapita bei ya saa 72, kwa hiyo nunueni ya saa 72 kila mmoja. Saa zinaanza kuhesabiwa unapoigusisha mara ya kwanza kwenye mashine ya gatini, si unaponunua. Na gusisha kila unapopanda, hata kama bado ina siku mbili ndani. Mabasi ya Lido yamo humohumo. Mabasi na boti za uwanja wa ndege hazimo.

Laini 1 ndiyo ya mama. Inasimama karibu kila gati la Mfereji Mkuu, kutoka Piazzale Roma na stesheni hadi San Marco kama dakika 45, kisha inaendelea hadi Lido. Laini 2 ni ya haraka zaidi. Hizi mbili zina boti pana, unaingia sawasawa na sakafu. Laini 4.1, 4.2, 5.1 na 5.2 ni boti nyembamba, na siti zake ziko ndani kwa kushuka ngazi. Mama abaki juu karibu na mlango, au msubiri Laini 1.

Makosa ya kawaida: gati kubwa kama Ferrovia (la stesheni), Rialto na San Zaccaria zina vibanda kadhaa vyenye herufi, kila kimoja na laini zake. Pengine kibanda kimoja kinahudumia boti za pande zote mbili. Soma ubao wa boti yenyewe inakoelekea, au muulize mfungaji kamba jina la gati lako kabla hujakanyaga. Gati zinaelea, kwa hiyo boti na gati ziko usawa mmoja daima. Kinachoinama ni kile kidaraja cha kutoka nchi kavu, na maji yakipwa kinakuwa na mteremko kidogo.

Madaraja huwezi kuyakwepa yote, mji una zaidi ya 400. Ila Mfereji Mkuu una manne tu: Costituzione, Scalzi, Rialto na Accademia. Yote manne achaneni nayo, vukeni kwa boti. La Costituzione hasa, lile la kioo karibu na Piazzale Roma, ngazi zake hazina mwendo sawa na zikilowa zinateleza. Kwa mtu anayeogopa kushuka ni mtego.

Mpemba_wa_Mascat
Hili la maji niachieni mimi. Mtu wa pwani ataelewa upesi: ni bamvua. Mwezi mpya na mwezi mpevu maji yanajaa zaidi, kama kwetu. Tofauti ni kwamba kule bamvua peke yake haitoshi kuzamisha mji. Bahari ya Adriatic ni ndefu na nyembamba kama chupa, na Venice iko kwenye kitako chake cha kaskazini. Upepo wa kusini-mashariki, scirocco, ukivuma siku kadhaa unasukuma maji yote huko, na mgandamizo wa hewa ukishuka maji yanapanda zaidi. Vyote vikigongana ndipo panapotokea acqua alta, maji kuingia mjini. Miezi yake ni Oktoba hadi Januari, na Novemba ndiyo mbaya zaidi: rekodi ni tarehe 4 Novemba 1966, sentimita 194 juu ya usawa wa kipimo cha bahari (si kina cha maji mitaani), ikifuatiwa na 12 Novemba 2019, sentimita 187.

Sasa kuna MOSE: milango 78 ya chuma kwenye malango matatu ya bahari, Lido, Malamocco na Chioggia. Ilipandishwa kuukinga mji mara ya kwanza 3 Oktoba 2020. Kwa kawaida hupandishwa utabiri ukifika sentimita 110. Uwanja wa San Marco ndio sehemu ya chini, unaanza kulowa kwenye 80 na kitu. Kwa hiyo kati ya 80 na 110 mji mzima unaweza kuwa mkavu huku San Marco ina maji ya kifundoni. Huwekwa meza ndefu za mbao za kupita juu, nyembamba, na watu wanasukumana. Mama asipande hizo.

Dawa ni rahisi: manispaa hutoa utabiri wa maji wa siku tatu mbele. Utazame kila jioni, upange San Marco wakati wa kupwa. Maji hayakai kutwa, ni saa mbili tatu yanaondoka. Chukua viatu vya soli ya mpira isiyoteleza. Buti nzito za nini? Vile vifuko vya plastiki vya kuvaa juu ya viatu vinauzwa palepale, vinatosha.

(Kwa faida ya uzi: Kiarabu, Venice ni al-Bunduqiyya, na bunduki nayo ni bunduqiyya. Jina moja.)

karani_wa_viza
Kiingilio kilianza 25 Aprili 2024. Ni kwa wanaokuja na kurudi siku hiyohiyo, na siku za kutozwa zimekuwa zikipangwa kati ya Aprili na Julai, saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni. Anayelala ndani ya manispaa halipi, na Lido na Mestre zote zimo. Mtakacholipa ni kodi ya kulala, kwa mtu kwa usiku, hotelini. Haimo kwenye bei mliyolipia mtandaoni, mara nyingi huulizwa taslimu.

Pasipoti mtaombwa mapokezi, ni sheria, msishangae. Bima ya viza, ile ya angalau yuro 30,000, tembea nayo imechapishwa.

Ukhti_Makorora
Chakula: maneno ya kukariri ni prosciutto, speck, salame, pancetta, guanciale, lardo na strutto. Yote ni nguruwe, na strutto ni mafuta yake, hujificha hata kwenye mikate na keki. Venice ni mji wa samaki, huko ndiko salama. Sarde in saor ni dagaa wakubwa wa kukaanga waliolazwa kwenye kitunguu na siki, mla samaki wa kupaka wa Mombasa hatapata shida. Siki ni ya mvinyo, mwenye kujihadhari ajue. Baccalà mantecato ni samaki mkavu aliyepondwa kwa mafuta hadi akawa laini. Wino wa ngisi upo pia, mweusi tii, mara nyingi na mvinyo ndani, uliza "c'è vino?"

Baa ndogo za mvinyo zinazoitwa bacari zinauza vitafunwa vya mkate mdogo, unachagua kwa kidole. Ukisimama kaunta bei ni moja, ukikaa mezani ni nyingine. "Coperto" kwenye risiti ni ada ya kukaa, si wizi. Ila mikahawa ya Uwanja wa San Marco yenye wanamuziki hutoza na muziki, soma menyu kabla ya kuvuta kiti. Na msile mkiwa mmekaa kwenye ngazi za madaraja au pale San Marco, ni faini. Kulisha njiwa vilevile.

Mzee_wa_Gati
Nyongeza muhimu, tarehe zenu zinagusa 21 Novemba, sikukuu ya Salute, kumbukumbu ya tauni ya 1630. Hujengwa daraja la muda juu ya Mfereji Mkuu, kutoka upande wa Santa Maria del Giglio hadi kanisa la Salute. Ni jambo la kuona, lakini watu ni wengi na njia za boti hubadilishwa. Siku hiyo nendeni visiwa vya Murano na Burano. Laini 12 kutoka Fondamente Nove: Murano Faro dakika kumi, Burano kama dakika 40. Burano ni ya nyumba za rangi na kutengeneza lesi, njia zake ni fupi. Ogopeni boti ya "bure" kwenda tanuru la vioo. Malipo yake ni kubanwa dukani mpaka ununue. Kioo cha kweli kitafuteni chenye chapa ya Vetro Artistico Murano. Jumba la makumbusho ya vioo lina shanga pia, na shanga nyingi zilizobebwa na misafara kutoka Unguja kwenda bara karne ya 19 zilitoka huku.

Jumba la Doge (mtawala wa Venice ya kale): nunueni mtandaoni mapema, ni nafuu. Ngazi ni nyingi, ulizeni lifti mlangoni, na ile njia ya gereza kupitia Daraja la Kuugulia mama aiache. Tiketi hiyohiyo inaingiza Museo Correr, na humo mnafika hadi maktaba ya Marciana iliko ramani ya dunia ya Fra Mauro ya karne ya 15, kusini iko juu. Mnara wa San Marco ulianguka 1902 ukajengwa upya, una lifti hadi juu. Mama ataona mji wote bila ngazi.

Ndani ya Basilika, kanisa la San Marco, begi la mgongoni haliingii, mabega na magoti yafunikwe. Ushungi hauna neno. Jumapili asubuhi ni ibada. Sakafu ya vigae imepinda kama mawimbi, amshike mkono.

Binti_Chumbageni
Nimeelewa sana, Mungu awabariki. Mawili ya mwisho: gondola kwa mama ni salama? Na mizigo siku ya kuondoka, treni yetu ni jioni.

Mzee_wa_Gati
Gondola ni yuro 90 kwa nusu saa mchana, 110 kuanzia saa moja jioni. Bei ni ya chombo kizima, si ya kichwa. Kupanda kwake ni kukanyaga chombo kinachoyumba kutoka ngazi zilizolowa. Chagueni kituo chenye jukwaa la mbao, mpiga makasia atamshika mkono, akae kwanza ndipo wewe upande. Kama shida ni kuonja tu, kuna gondola za kuvusha, traghetto, Santa Sofia na San Tomà, yuro 2, dakika mbili tatu. Wenyeji husimama. Mama akae, hakuna atakayemcheka.

Mizigo: Santa Lucia ina sehemu ya kuhifadhi ndani ya stesheni, mnalipa kwa saa. Tokeni Lido asubuhi na Laini 1 kabla ya saa tatu au baada ya saa nne, katikati ya hapo boti zinajaa na begi kubwa halina pa kuwekwa. Wekeni mizigo, mzunguke mikono mitupu. Rudini nusu saa kabla ya treni, namba ya jukwaa huonyeshwa dakika za mwishomwisho. Ukungu wa Novemba huchelewesha boti, kwa hiyo siku hiyo mchana msiende visiwani.