Tovuti ya karakana ina miezi miwili, Google haiioni kabisa

FundiKeko: Wakuu, naomba msaada. Nina karakana ya samani Keko, Dar. Kijana mmoja alinitengenezea tovuti ya WordPress, nikalipia na jina la .co.tz. Nikiandika anwani yenyewe inafunguka vizuri, picha zote zipo. Lakini nikiandika Google "vitanda vya mninga Keko", siioni hata nikishuka mpaka vidole viume. Wanatokea madalali wanaouza kazi zetu. Hilo ndilo linaloniuma: kitanda nimekichonga mimi, mteja anampigia mtu ambaye hajawahi kushika randa. Sasa kijana anataka hela zaidi ya "kuisukuma tovuti". Nilipe?

Binti_Chumbageni: Usilipe kwanza, fundi. Andika Google site: na jina la tovuti yako, bila kuacha nafasi. Inaleta nini?

FundiKeko: Haileti kitu.

Binti_Chumbageni: Basi si kwamba uko kurasa za nyuma, Google haina ukurasa wako hata mmoja. Kwenye Chrome andika view-source: kisha anwani yako, utafute neno noindex humo ndani.

FundiKeko: Lipo! Juu juu huko: meta name='robots' content='noindex, nofollow'. Ndiyo nini hiyo?

Binti_Chumbageni: Ni amri ya kuiambia Google isiuweke ukurasa kwenye orodha yake. Ingia ndani ya WordPress, Settings, kisha Reading, karibu na chini kuna kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji. Wajenzi wa tovuti hukitia tiki kazi ikiwa nusu, halafu siku ya kukabidhi wanasahau. Mimi yalinikuta kwenye tovuti ya chekechea niliyoijenga mwenyewe. Wiki sita mwalimu mkuu ananiuliza, namwambia avumilie. Mpaka leo naona aibu.

Toa tiki, hifadhi. Fungua Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ni bure, thibitisha tovuti ni yako, uwasilishe wp-sitemap.xml, yaani orodha ya kurasa zako. Faili hilo WordPress inalitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Kisha omba ukurasa wa mwanzo uorodheshwe. Ni siku chache, pengine wiki kadhaa, na Google haipokei hela ili ikupitie mapema.

Seremala_Mstaafu: Mimi nimeipitia hiyo tovuti. Kazi safi, mdogo wangu, viungo vya mbao vimekaa. Ila maneno hakuna! Bei umeziandika juu ya picha, na picha zenyewe zina majina ya WhatsApp, IMG na tarakimu tupu. Usitegemee Google isome maandishi yaliyo ndani ya picha. Kila kitanda kipe ukurasa wake, uandike: kitanda cha mninga, futi 5 kwa 6, droo mbili chini, bei, tunapeleka mpaka wapi. Na karakana uisajili kwenye ramani ya Google, nayo ni bure.

FundiKeko: Nimerudi, siku kumi na moja zimepita. Tiki nimetoa, na site: sasa inaleta kurasa nne. Kwa "vitanda vya mninga" bado sijatokea, ila kitanda kimoja nimeshakiandikia vizuri. Leo usiku naandika kabati la vyombo. Nianze na mbao au vipimo?

Seremala_Mstaafu: Wateja wakikupigia wanauliza nini kwanza?

FundiKeko: Kitanda wanauliza futi. Kabati, lina milango mingapi.

Seremala_Mstaafu: Basi anza na milango.