Programu tatu nilizoandikiwa na akili bandia hazielewani, na anayetukanwa na wateja ni mimi

Wakuu, mniwie radhi kwa ukali, lakini nimekesha siku mbili nikirekebisha hesabu ambazo hazikupaswa kuharibika.

Ninanunua machungwa Muheza na kuyauza Ngamiani, hapa Tanga mjini, na mengine huvushwa Horohoro kwenda Mombasa. Katika semina moja ya kulipia tuliambiwa kwamba hakuna haja tena ya kununua programu, kwa kuwa kila mtu anaweza kuiagiza akili bandia imwandikie ya kwake. Nikaagiza tatu: moja inasoma ujumbe wa malipo ya simu, nyingine ni daftari la wadaiwa, na ya mwisho hujumlisha mauzo ya siku. Kila moja ikiwa peke yake haina kasoro, sikatai. Balaa lilianza nilipoziunganisha, ili anayelipa afutiwe deni papo hapo.

Daftari huandika namba ya simu kwa kuanzia na sifuri, ilhali programu ya malipo huanza na 255, kwa hiyo kwa kompyuta mteja mmoja amekuwa watu wawili, mmoja mlipaji na mwingine mdaiwa sugu. Mama mmoja wa Chumbageni, jirani yetu wa miaka mingi, amepigiwa simu mara mbili akidaiwa fedha alizokwisha kulipa. Niliona aibu hata ya kupita mlangoni kwake.

Tarehe nazo ni hivyo hivyo: 04/03 moja huisoma Machi 4, nyingine huisoma Aprili 3 kama Wamarekani, ingawa kanuni ya kimataifa ya kuanza na mwaka, ISO 8601, ipo tangu 1988. Tena ile ya mauzo hufuata saa za Greenwich, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo lori lililopakiwa saa nane usiku huhesabiwa jana yake.

Nikilalamika, akili bandia huomba radhi kwa adabu, hurekebisha programu moja na kuivuruga nyingine, kwa sababu katika mazungumzo mapya haikumbuki ilichoandika wiki iliyopita. Lakini hasira yangu kubwa ni kwa wenye semina, waliopokea ada bila kututamkia kwamba namba na tarehe hukubaliwa kwanza, kabla ya programu yoyote kuandikwa.

Aliyewahi kuunganisha majina yaliyojirudia namna hii bila kupitia mstari mmoja mmoja anieleze alivyofanya, maana daftari zima liko mbele yangu na lori linapakiwa kesho.