Tupeane uzoefu: kutafuta kazi Nairobi ukiwa na ulemavu, mlango ulifunguka wapi na ulikwama wapi?

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama,

Naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe kuhusu kutafuta kazi, kuipata na kudumu nayo tukiwa watu wenye ulemavu katika jiji hili. Malalamiko ya jumla yameandikwa vya kutosha. Ninachoomba ni kila mmoja aeleze mahali hasa kazi ilipofunguka au ilipokwama: kwenye tangazo, kwenye mahojiano, barabarani, kwenye chombo cha kufanyia kazi, au kwenye malipo. Kazi zenyewe zinabadilika upesi, na naamini tukiviweka visa hivi pamoja tutaona mabadiliko hayo yanamfungulia nani na yanamfungia nani.

Nianze mimi. Sioni tangu utotoni. Wasioona wa rika langu waliobahatika kusoma walielekezwa zaidi kwenye ualimu, uchapaji na uopereta wa simu, nami nikaingia kwenye hiyo ya tatu. Katika shirika lililoniajiri, katikati ya jiji, nilikaa mbele ya swichibodi nikiwa nimehifadhi kichwani nambari ya kila ofisi, na wateja wa kila siku niliwatambua kwa sauti kabla hawajajitaja. Ilikuwa kazi ya heshima. Kisha simu za mkononi zikaenea, ukaletwa mtambo unaomwambia mteja abonyeze moja kwa Kiingereza na mbili kwa Kiswahili, na chumba cha swichibodi kikafungwa. Hakuna aliyetufukuza kwa sababu hatuoni. Kazi yenyewe ndiyo iliyotoweka, na hakuna aliyekuwa amefikiria tungehamishiwa wapi.

Wenzangu kadhaa walirudi nyumbani kabla ya umri wa kustaafu. Mimi nilibaki kwa kuwa msimamizi wangu alikubali tarakilishi yangu iwekwe programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, ambayo hailipiwi, nami nikajifunza kujibu barua pepe za wateja. Hata hivyo, kila shirika linapobadilisha mfumo wake, mimi huanza upya. Kuna mfumo mmoja ulioletwa ukiwa na vitufe visivyo na majina, na kazi yangu ikawa kusikiliza sauti ikinisomea "kitufe, kitufe, kitufe" bila kuniambia ni kipi cha kuhifadhi na ni kipi cha kufuta. Kijana wa idara ya teknolojia alipoonyeshwa tatizo hilo, alilirekebisha kwa saa chache tu. Kabla ya hapo, kwa miezi mingi, nilihesabiwa kuwa mfanyakazi mzito.

Kuhusu sheria, niyataje machache mapema ili tusiyarudie. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, inaitaka serikali ihakikishe hatua kwa hatua kwamba angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa zinashikwa na watu wenye ulemavu, na Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ilizungumzia kutengwa kwa asilimia 5 ya ajira. Ile ya 2025, iliyochukua mahali pake, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge kiwango hicho. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini nafasi iliyotengwa haimfai mtu ambaye hawezi kuisoma fomu ya kuiombea, na ndiyo maana nawaomba visa vya mambo hayo madogo yanayoamua.

Mwokaji, Umoja

Asante, Mzee, kwa kuianzisha mada hii. Mimi ni kiziwi, na lugha yangu ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya, kwa hiyo mnisamehe pale Kiswahili changu kitakapokuwa na pengo.

Kazi yangu ilikwama kwenye simu. Nilituma maombi kwenye mikahawa na viwanda vya mikate, na kila tangazo lilisema kwamba waliofaulu "watapigiwa simu". Simu ilipigwa, niliiona ikiwaka mezani, na sikuwa na namna ya kuijibu. Nilipoitumia nambari hiyo ujumbe mfupi nikieleza kuwa mimi ni kiziwi na kwamba naomba tuandikiane, mara nyingi sikujibiwa. Siku hizi naandika mstari mmoja juu kabisa ya wasifu wangu: "Mimi ni kiziwi; tafadhali tumia ujumbe mfupi." Wengine wataniambia kwamba kujitangaza hivyo kunawafukuza waajiri. Huenda ni kweli, lakini anayefukuzwa na mstari huo asingenivumilia kazini.

Mahojiano niliyofaulu yalifanyika jikoni. Mmiliki alinipa unga, akanionyesha tanuri, akakaa kando. Hakuhitaji mkalimani ili auone mkate. Baadaye, mikutano ya wafanyakazi ilipoanza kuwa ya kila wiki, nilimwomba ajenda iandikwe kwenye kundi la WhatsApp kabla ya mkutano, na jambo hilo liliwasaidia hata wanaosikia. Nimeona pia kwamba M-Pesa imetusaidia sana sisi viziwi tunaouza vitu pembeni, kwa kuwa mteja na muuzaji wote wawili husoma kiasi kile kile kwenye ujumbe, na mabishano ya "nilikulipa" na "hukunilipa" hupungua.

Mhasibu, Kasarani

Natumia kiti cha magurudumu, nami nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa kisa changu kinahusu barabara, jengo na ushuru, na mambo hayo matatu hayatenganishiki.

Nilipoajiriwa, mshahara ulionekana wa kuridhisha hadi nilipoanza kuhesabu nauli. Makanga wengi hawakutaka kusimama, kwa sababu kukipakia kiti kunachukua muda, na waliosimama walidai nilipie nafasi ya pili kwa ajili ya kiti. Asubuhi ya mvua nilipanda teksi, na jioni nililipa tena. Jengo lenyewe lilikuwa na lifti, lakini ili uifikie lifti unapanda ngazi za mlangoni, na kila asubuhi walinzi walinibeba mbele ya watu. Niliwashukuru, na ninawashukuru bado, ila sidhani kwamba kuna mhasibu anayepaswa kuingia ofisini akiwa mikononi mwa watu.

Kwa miaka mingi niliomba kufanya sehemu ya kazi nyumbani, nikajibiwa kwamba uhasibu wetu hauwezi kufanyiwa nyumbani. Ilipofika Machi 2020 na korona ikaingia nchini, kazi ile ile ilihamia nyumbani kwa kila mtu mara moja. Vitabu vilifungwa kwa wakati na wakaguzi hawakupata kasoro. Kipindi hicho, ambacho kwa wengi kilikuwa cha dhiki, ndicho kilichokuwa kipindi changu bora kazini, nami hulisema jambo hili kwa uzito kwa kuwa wengine walipoteza kazi zao na wapendwa wao. Wafanyakazi walipoitwa kurudi, nilikuwa na rekodi ya kuonyesha, na tukaandikiana makubaliano kwamba nitafika ofisini kwa siku za kufunga mwezi tu. Ushauri wangu ni huu: makubaliano ya aina hiyo yawekwe kwenye maandishi, yasiwe fadhila ya msimamizi mmoja, kwa sababu msimamizi huhamishwa.

Kuhusu ushuru, kuna wenzetu wengi wanaokatwa pesa ambazo hawakupaswa kukatwa. Mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu anaweza kuomba msamaha wa ushuru wa mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Unaanza na tathmini ya daktari katika hospitali ya serikali, unasajiliwa na Baraza, kisha unaomba cheti kwa Mamlaka ya Ushuru. Cheti kina muda wake. Kikiisha kabla hujakihuisha, makato hurudi mwezi huo huo. Waajiri nao wana lao. Sheria ya 2003 ilimruhusu mwajiri wa sekta ya kibinafsi kuomba apunguziwe mapato yanayotozwa ushuru kwa kiasi cha asilimia 25 ya mishahara anayowalipa wafanyakazi wenye ulemavu, na asilimia 50 ya gharama ya kurekebisha jengo au vifaa kwa ajili yao. Mwajiri wangu hakuwa amewahi kusikia jambo hilo, ingawa sisi ndio idara ya uhasibu. Anayejadiliana na mwajiri leo aisome Sheria ya 2025 kwanza, aone limeandikwaje humo.

Mwanzisha mada

Dada wa Kasarani, umenikumbusha kwamba ufikiaji wa jengo hauishii kwenye lifti. Tafadhali wengine waendelee. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa waliojiajiri na kwa wazazi.

Mshonaji, Kariobangi

Mimi nilipata polio nikiwa mdogo na natembea kwa magongo. Nilishona sare za shule kwa miaka, lakini nguo za mitumba zilibana kila kazi nyingine ya cherehani, tukaamua wanawake kadhaa wenye ulemavu kuunda kikundi na kujisajili katika mpango wa AGPO, ambao unatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Kupata zabuni kuliwezekana. Kulipwa ndiko kulikotushinda. Ofisi moja ya umma ilipokea sare zetu, ikazikagua, ikatia sahihi, kisha ikanyamaza. Sisi tulikuwa tumenunua kitambaa kwa mkopo wa chama chetu cha akiba, na riba haikungoja. Kampuni kubwa inaweza kustahimili kucheleweshewa malipo. Kikundi cha cherehani chache hakiwezi, na hapo ndipo vikundi vingi huuza jina lao kwa mfanyabiashara asiye na ulemavu ambaye ana mtaji. Sisi tulikataa kuuza jina letu, na tulilipia kukataa huko. Sasa tunachukua zabuni ndogo tu, zile ambazo kitambaa chake tunaweza kukinunua kwa pesa zetu wenyewe.

Mama, Buruburu

Mwanangu ana ulemavu wa akili. Hana cheti cha kidato cha nne, na matangazo mengi ya kazi huanzia hapo, hata kwa kazi ambayo haihitaji kuandika neno. Alipata nafasi katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, akipanga bidhaa kwenye maboksi, kwa sababu mwalimu wake wa zamani alikubali kwenda naye na kusimama kando yake hadi alipoizoea kazi. Alikuwa hakosi siku na hachoki kurudia jambo moja kwa usahihi. Kisha mashine ya kufungasha ikanunuliwa. Wafanyakazi wengine walifundishwa kuisimamia. Yeye hakuulizwa kama angeweza kujifunza. Bado namtafutia mahali, na nasoma visa vyenu kwa makini.

Kijana wa kazi za mtandaoni, Githurai

Nina mtindio wa ubongo. Mikono yangu ni mizito kwenye kibodi lakini akili haina tatizo. Niliingia kwenye kazi za mtandaoni, za kuweka alama kwenye picha na maandishi yanayofunzia mifumo ya akili mnemba, nikitumaini kwamba huko hakuna atakayeniona nikitembea au kunisikia nikizungumza. Kweli hakuna aliyeniona. Ila kila kipande cha kazi kilikuwa na saa inayohesabu, na muda ukiisha kipande kinachukuliwa na malipo yake yanapotea. Majibu yangu yalikuwa sahihi. Kasi ndiyo iliyonishusha, hadi akaunti ikafungwa na mfumo. Nilitafuta mtu wa kumweleza, nikapata fomu inayojibiwa na mtambo. Ofisini ningeweza kumwendea msimamizi. Swali langu kwa waliotangulia: je, nilipaswa kuutaja ulemavu wangu tangu mwanzo, na kwa maneno gani?

Afisa wa ajira, Upper Hill

Ndugu yangu wa Githurai, naandika nikiwa upande wa pili wa meza, na nitajibu kadiri ninavyojua. Kwanza nikiri lililo wazi katika taaluma yangu: sisi ndio tunaoandika matangazo. Tunaweka "awe na leseni ya udereva" kwa kazi ya mezani kwa sababu ilikuwapo kwenye tangazo la zamani, kisha tunamalizia kwa kuwahimiza watu wenye ulemavu watume maombi. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu 900,000 wenye ulemavu miongoni mwa wenye umri wa miaka mitano na zaidi, yaani asilimia 2.2. Mkurugenzi anaponiambia kwamba hawapatikani, humwomba anionyeshe tangazo lake.

Kuhusu swali lako, usiutaje ulemavu kwa jina la kitabibu pekee, kwa kuwa wengi wetu hatujui maana yake na tutajaza pengo kwa hofu. Taja marekebisho unayohitaji na matokeo unayotoa: kwamba unaomba muda wa ziada kwenye mtihani wa kuchapa, au uruhusiwe kutumia programu inayoandika kwa sauti ikiwa inakusikia vizuri, na kwamba kiwango chako cha usahihi ni hiki, pamoja na sampuli. Liombe hilo kwa barua pepe kabla ya siku ya mtihani na uhifadhi nakala, kwa sababu ombi lililoandikwa ni ushahidi endapo utakataliwa bila sababu. Kwenye majukwaa ya mtandaoni, ambako hakuna wa kumwandikia, tafuta wateja wa moja kwa moja wanaolipia kazi iliyokamilika badala ya dakika. Idara yangu inahitaji watu wa kuhakiki data, kazi ya usahihi isiyo na saa ya kuhesabu, na nimemwomba mwanzisha mada akupe njia ya kunifikia. Mama wa Buruburu, nitakuandikia pia kuhusu chumba chetu cha kumbukumbu, ambako kupanga faili bado kunafanywa kwa mkono.