Naomba ushauri: sauti hafifu za detekta kwenye udongo wa Goma

Ndugu zangu, naomba msaada. Novemba 2012, vita vilipofika mjini, mama alizika kopo la maziwa ya unga nyuma ya nyumba yetu hapa Katindo. Ndani aliweka bangili zake za fedha na hereni za bibi. Tuliporudi, mti aliouwekea alama ulikuwa umekatwa. Sasa mama amezeeka, na natamani sana azivae tena.

Nimeazima detekta, yaani mashini ya kutafutia metali ardhini. Shida ni udongo wetu: umetokana na mawe ya volkano yenye magnetiti (madini ya chuma yanayovutwa na sumaku), basi mashini inalia ovyo. Nikishairekebisha mashini iuzoee udongo na kupunguza usikivu wake inatulia, lakini pale karibu na jiko kuna sauti ndogo, kama mbu. Nikipitisha sahani (ile duara ya chini ya mashini) polepole toka ukutani kwenda barabarani, inalia kila mara. Nikigeuka na kupita kwa kukatisha, inakatika. Nikiinua sahani vidole vinne, bado naisikia. Namba kwenye kioo cha mashini, inayoonyesha aina ya metali, haitulii.

Nimechimba hadi kwenye kiwiko. Nilitoa jiwe jeusi lenye vitundu. Nililipima pembeni, likalia kidogo, ila shimo nalo bado linalia.

Kopo ni la chuma, na nilikuwa nimefunga sauti za chuma, yaani mashini isilie ikikuta chuma. Je, nizifungulie zote? Kutu ya miaka yote hii yaweza kufanya sauti itawanyike hivyo? Au nadanganywa na mawe? Sitaki kupiga sururu kwa nguvu, maana mabaki ya vita yapo pia ardhini. Aliyewahi kutafuta kwenye udongo wa lava anisaidie.