Mdogo wangu anataka mama atiliwe mafuta ya bangi kwenye uji. Naombeni ushauri

Binti Kirumba
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mama yetu ana saratani ya shingo ya kizazi. Mionzi kamaliza, sasa yuko kwenye dripu za dawa za saratani. Akirudi nyumbani anatapika mpaka nyongo, na usiku maumivu ya kiuno hayampi usingizi. Hospitali tunayokwenda wanatupa panadol na vidonge vingine vya maumivu. Tukisema havisaidii tunaambiwa tuvumilie, ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo.

Mdogo wangu wa kiume kaleta kichupa cha mafuta ya bangi, kanunua kwa mtu anayeapa kwamba yanamaliza saratani kabisa. Mama ni mzee wa kanisa, akisikia neno bangi hatakaa atusamehe. Kwa hiyo dogo anataka tumtilie kwenye uji kimyakimya. Nimekataa, kanuna. Anasema wenzetu wamehalalisha, sisi tunamwacha mama ateseke kwa ushamba.

Je, inasaidia kweli? Na nyinyi binafsi mnaonaje, iruhusiwe kwa matibabu au la? Nikimwambia dogo "ni kosa kisheria" tu, hanielewi.

Ngosha Mtata
Pole sana dada. Mimi naunga mkono dogo. Mmea Mungu kauotesha mwenyewe, binadamu kaja kuuwekea pingu. Malawi wameruhusu 2020, Zimbabwe 2018, Lesotho walitangulia 2017. Hata Kishimba akiwa mbunge wa Kahama Mjini alisimama bungeni akataka kilimo cha bangi ya dawa kiruhusiwe. Sisi tumekaa tunachoma mashamba Tarime na Arumeru, tunapiga picha na moshi.

Mjukuu wa Chifu
Ngosha wewe unaumwa nini hasa? Maana kila uzi wa bangi upo.

Ngosha Mtata
Naumwa stress.

Nesi wa Zamu
Binti, pole na uuguzi. Nimefanya kazi ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, kwa muda mrefu, naomba nianze na mama, siasa baadaye.

Jambo la kwanza, msimtilie kitu kwenye uji. Mama ana akili timamu, mwili ni wake. Akiyumba usiku, moyo ukamwenda mbio, akaanza kuona vitu, mtamwambia nini daktari? Mafuta hayo ya mtaani hakuna anayejua yana nguvu kiasi gani. Chupa ya leo na ya wiki ijayo si lazima zifanane. Halafu bangi inaweza kubadilisha jinsi ini linavyovunja dawa nyingine, na mama yuko kwenye dripu nzito.

Kuhusu kumaliza saratani: kwenye vyombo vya maabara seli zinakufa kwa vitu vingi, hata jiki inaziua. Kwa binadamu hakuna ushahidi kwamba bangi inaponya saratani. Anayeuza kichupa kwa ahadi hiyo anawaibia.

Ila dogo hajakosea kila kitu, na hapa wengi mnaopinga mnakimbilia kumtukana bure. Marekani kuna vidonge viwili vilivyotengenezwa kwa kuiga kemikali ya bangi, dronabinoli na nabiloni, vilivyoidhinishwa tangu 1985 kwa ajili ya kichefuchefu cha dripu za saratani. Vinafanya kazi. Lakini hata huko si chaguo la kwanza. Huanza na dawa za kawaida za kuzuia kutapika, na hizo zipo hapa nchini. Muulize daktari kama mama anapewa kabla ya dripu kuanza, maana ukisubiri aanze kutapika umechelewa. Na anaendelea nazo akirudi nyumbani?

Maumivu ndiyo yananiuma zaidi. Mama hatakiwi kuambiwa avumilie! Ipo mofini ya maji, ya kunywa. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wanaitoa, na hospitali nyingine kubwa zenye kitengo cha tiba shufaa. Waombe kwa jina hilo, "tunaomba mgonjwa aonwe na watu wa tiba shufaa". Usisubiri waitaje wao.

Binti Kirumba
Nesi asante sana, hilo neno tiba shufaa ndiyo nalisikia leo. Ila mofini si ndiyo wanayopewa watu wa kufa? Naogopa mama akijua atakata tamaa. Na si atakuwa teja?

Nesi wa Zamu
Hapana. Inapewa mtu mwenye maumivu makali, awe anakufa au anapona. Nimewaona wagonjwa wakianza kuinywa wanaamka kitandani, wanaomba chakula, wanarudi kanisani. Akiinywa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu, kuwa teja ni nadra sana, na maumivu yakiisha daktari anaipunguza taratibu. Uganda wanaichanganya wenyewe kutoka kwenye poda, na wauguzi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika, kwa hiyo inafika hadi vijijini. Ingekuwa ya kumalizia watu wasingefanya hivyo.

Wakili wa Baraza la Kata
Nesi kanipa hoja yangu. Mofini inatoka kwenye afyuni, ukoo mmoja na unga unaomaliza vijana wetu. Mkataba wa kimataifa wa 1961 umeibana afyuni na bangi kwa pamoja. Na bado mofini inaingia nchini kwa kibali, inatunzwa kwenye kabati lenye kufuli, inaandikwa kwenye daftari, mgonjwa anaipata. Hakuna aliyewahi kusema tumehalalisha unga.

Kwa hiyo mtu akiniambia bangi ya dawa haiwezekani bila nchi nzima kuvuta, sikubaliani naye. Mwaka 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipiga kura kuiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne la mkataba huo, la dawa hatari zaidi. Kura 27 kwa 25, mmoja hakupiga upande wowote. Maana yake walikubali ina kazi hospitalini, ingawa imebaki Jedwali la Kwanza, bado inadhibitiwa. Ningependa kuona dawa zake zinapita TMDA, mamlaka ya dawa nchini, kama dawa nyingine, na daktari bingwa anaziandika. Shamba nyuma ya nyumba silitaki.

Lakini sheria ya leo ni ya leo. Kwa sheria ya dawa za kulevya, Sura ya 95, kichupa cha dogo ni kosa. Watu wanakula miaka 30 kwa kulima. Polisi hawatakuuliza mama anaumwa nini.

Msomali wa Kibra
Poleni sana kutoka Nairobi. Sisi tulikuwa na mheshimiwa wetu hapa Kibra, Ken Okoth. Alitaka kupeleka mswada wa bangi bungeni mwaka wa 2018, na yeye mwenyewe alikuwa anaugua saratani ya utumbo. Akafariki Julai 2019, mswada ukalala. Kisha 2022 Wajackoyah, mgombea urais, akaja na bangi na sumu ya nyoka kwa kampeni, watu wakacheka wee, na tangu hapo ukitaja bangi ya dawa kila mtu anakumbuka vichekesho. Nadhani hiyo ilituharibia kuliko wapinzani wenyewe.

Mama Wawili
Mimi mwanangu ana kifafa kisichosikia dawa. Nilisoma kuhusu Epidiolex, dawa ya maji inayotokana na kemikali ya bangi isiyolewesha, Marekani waliipitisha 2018 kwa aina mbili ngumu za kifafa cha watoto. Nikafurahi, nikatafuta bei. Zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka! Nikafunga simu nikaenda kupika.

Hao Malawi mnaowasifia, na Rwanda waliofuata 2021, someni vizuri. Rwanda walitangaza wanalima kwa ajili ya kuuza nje, si kwa ajili ya mgonjwa wa Kigali. Kwa hiyo tukisema "iruhusiwe", naomba mniambie kwanza, iruhusiwe kwa ajili ya nani?

Ngosha Mtata
Mama Wawili hapo umenigusa. Basi ianze kwa wagonjwa wetu, mimi nitasubiri.

Mzee wa Igoma
Mimi napinga na nitaendelea kupinga. Kijana wa jirani yangu alianza na hicho hicho cha Arusha, leo anaongea na ukuta. Fungueni mlango kidogo muone watakavyoingia wote kwa cheti cha kuumwa mgongo.

Nesi wa Zamu
Mzee wangu, shikamoo. Unalosema nimeliona wodini, vijana wenye asili ya ugonjwa wa akili bangi inawaharibu haraka. Ndiyo maana nakubaliana na Wakili: kabati, kufuli, daftari.

Binti Kirumba
Nimemsomea dogo uzi wote. Kichupa amekitoa nyumbani, ingawa amesema "mofini nayo ni bangi ya wazungu". Kesho nakwenda kuomba waraka wa rufaa. Nesi, wakitupa hiyo mofini kuna la kuangalia?

Nesi wa Zamu
Inanywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo. Siku za mwanzo atasinzia, msiogope, ila akilala mkashindwa kumwamsha au pumzi ikawa nzito na ya taratibu, hospitali hapohapo. Inafunga choo, kwa hiyo waambieni wawape na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Chupa ifungiwe mbali na watoto. Na mama mwambieni jina la dawa, msimfiche.