Naomba ushauri: darubini yangu imeota kuvu ndani ya lenzi

Ndugu wanachama, hamjambo? Ninaishi Kisumu, na uraibu wangu ni kutazama ndege katika kinamasi cha Dunga, ambako mafunjo huwasitiri hata usiweze kuwatambua kwa macho matupu.

Darubini yangu ya macho mawili, ya 8x42 (hukuza mara nane, na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42), imeota kuvu upande wa kulia. Ukiielekeza kwenye mwanga, unaona nyuzi nyeupe zilizotandaa kama utando wa buibui, na ndege mwenye rangi kali huonekana amefifia. Nimepangusa vioo kwa nje, kisha nikaifungia mkebeni pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyowekwa katika maboksi ya viatu, lakini nyuzi hazikuondoka. Fundi mmoja wa kamera yuko tayari kuifungua. Ninasita, kwa kuwa vioo vya ndani vikisogea hata kidogo, pande mbili hazitaoana tena na macho yatauma, na kwangu hilo ni baya kuliko kuvu yenyewe.

Je, kuna aliyefunguliwa darubini ikarudi ikiwa sawa? Na ninyi mnaoishi kando ya ziwa, mnahifadhije vifaa vya lenzi wakati wa mvua za masika?

Natanguliza shukrani.